Vidole vimekatika, bosi anasema nikapumzike nyumbani

Mwezi huu mhariri amenikabidhi barua nne: tatu zinahusu watu wanaotafuta kazi au wanaoipigania huku wakiwa na ugonjwa au ulemavu, na moja ni ya mwajiri. Wasomaji wapya wanifahamu: mimi ni mstaafu wa ustawi wa jamii. Nimefanya kazi Mufindi, Rungwe na Mbeya mjini, na mpaka leo wapo wanaobisha hodi nyumbani kwangu na bahasha ya vyeti vya hospitali mkononi. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika muda wake unakwenda, na wenzake walio katika hali kama hiyo ni wengi kwenye mashine za mbao kuanzia Mafinga hadi Makambako.

*

Kamwene mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Mafinga. Nimefanya kazi miaka mitatu kwenye mashine ya kupasua mbao, hizi za dingdong. Mwezi wa pili gogo la msindano liliruka, nikapoteza mwelekeo, msumeno ukanichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Bosi alilipia hospitali na akanipa laki moja ya pole. Sasa kidonda kimefunga. Wiki iliyopita nilikwenda kuripoti kazini, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe kapumzike nyumbani, mambo yakikaa sawa nitakuita." Sina mkataba wa maandishi, tulikuwa tunalipwa kila Jumamosi. Wenzangu wanasema kibarua hana haki yoyote. Nina mke na mtoto mmoja. Je, Serikali ina msaada gani kwa mtu kama mimi, au ndiyo nianze kuuza karanga stendi?
Msomaji, Mafinga

Kamwene mwanangu, na pole sana kwa maumivu na kwa hofu uliyonayo.

Nianze na hilo la kibarua, maana ndilo linalowafunga watu mdomo. Kukosa mkataba wa maandishi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikithibitika hata moja tu kati ya hali kadhaa zilizotajwa humo: kwamba anapangiwa na kusimamiwa namna ya kufanya kazi, au anatumia vifaa vya mwenye kazi, au anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho. Wewe mpiga mbao saa 45 ulikuwa unazimaliza ndani ya wiki moja. Mashine ni yake, magogo ni yake, Jumamosi ulipanga foleni mbele ya meza yake. Anayebisha kwamba hukuwa mwajiriwa ndiye atakayetakiwa kuthibitisha. Kwa hiyo leo hii kusanya ushahidi: ujumbe wa simu kama uliwahi kulipwa kwa simu, picha mlizopiga kazini, majina ya wenzako waliokuwepo siku ya ajali, na daftari la mahudhurio kama lipo. Daftari hilo lipige picha mapema, kabla halijahamishwa.

Jambo la pili ni fidia. Ajali yako imetokea kazini, na kwa ajili hiyo nchi ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2008. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa umma na binafsi, anatakiwa kujisajili na kuchangia. Mchango huo unatoka mfukoni kwake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko unagharimia matibabu, unalipa fidia ya ulemavu wa muda unapokuwa hujaweza kurudi kazini, unalipa fidia ya ulemavu wa kudumu, na una huduma za utengamao, yaani kumrudisha mtu kwenye hali ya kuweza kufanya kazi tena. Vidole vitatu vya mkono wa kulia ni ulemavu wa kudumu. Daktari anaupima na kuutaja kwa asilimia. Ukiwa hauzidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unalipwa pensheni ya kila mwezi. Ile laki moja ni pole ya bosi, mshukuru nayo, lakini haichukui nafasi ya fidia. Kama atakuletea karatasi ya kusaini kwamba umelipwa na huna madai, usiisaini. Mwambie utaisoma kwanza nyumbani, kisha ipeleke kwa ofisa kazi.

Madai ya WCF yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Usiusubiri mwezi wa kumi na moja. Taarifa ya ajali hutolewa na mwajiri, hivyo mwombe aitoe, na umwombe kwa barua. Akikataa au akikwambia hajajisajili, nenda kwa ofisa kazi wa mkoa, Iringa, ukiwa na fomu zako za hospitali. Kutojisajili ni kosa lake, wala wewe usilibebe. Hospitali uliyotibiwa waombe ripoti kamili inayotaja tarehe uliyofika, jeraha lilivyokuwa, na kwamba ulilipata kwenye mashine ya mbao. Nimeona mafaili yakikwama miezi mingi kwa sababu karatasi ya hospitali imeandikwa "jeraha la mkono" basi, bila kueleza limetokana na nini. Ukiona yako iko hivyo, rudi kwa daktari kwa heshima, umwombe aongeze.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hiyo ndiyo uliyoniuliza. Fidia italipa ada ya mtoto, lakini wewe una miaka 29 na mkono wa kushoto mzima, na wa kulia una kidole gumba. (Hukutaja ni vidole gani, lakini umeniandikia barua ya kurasa mbili kwa mkono, kwa hiyo kalamu bado unaishika.) Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zile zinazotumika kwenye migogoro ya kazi, zinamtaka mwajiri kabla ya kumwondoa mtu kwa sababu ya ugonjwa au jeraha aangalie mambo kadhaa: jeraha limetokana na nini, ni la muda au la kudumu, limepunguza uwezo kwa kiasi gani, na kama kazi ile inaweza kurekebishwa au kuna kazi nyingine ya kumpa. Na pale jeraha lilipopatikana kazini kwake, wajibu wa kumtafutia nafasi unakuwa mzito zaidi. Na kama waajiriwa wake wanafika 20, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Kwenye mashine kubwa za Mafinga, ukihesabu wapasuaji, wabebaji, wapangaji, madereva na walinzi, 20 inafika upesi.

Nimesimama mara nyingi kwenye yadi za mbao, nazijua kazi zake. Yupo anayesukuma gogo kwenye msumeno, na hapo sikushauri urudi. Lakini yupo pia anayesimama pembeni ya rundo na chaki, anahesabu mbao za mbili kwa nne na za moja kwa nane, anazitenga zenye fundo na zilizopinda, anaandika kwenye daftari kabla lori halijapakia. Yupo wa getini anayeoanisha risiti na mzigo. Yupo wa stoo anayetoa misumeno, grisi na mafuta ya dizeli. Wewe una miaka mitatu ya kuziangalia mbao zikitoka, unajua kwa jicho ipi itapinda ikikauka. Mtu mpya atakayewekwa na chaki hajui. Hilo ndilo la kumwambia bosi. Mweleze kazi unayoiweza, na utaje nafasi kwa jina.

Mwandikie barua fupi. Taja tarehe ya ajali, tarehe uliyokwenda kuripoti, maneno aliyokwambia, kisha umwombe akurudishe kazini kwenye nafasi ya kuhesabu mbao, getini au stoo, na akujibu kwa maandishi ndani ya siku chache. Toa nakala, na nakala yako aipokelee kwa saini. Kama atagoma kusaini, nenda na mtu mzima anayeheshimika, awe shahidi kwamba imepokelewa.

Akijibu kwamba kazi imeisha, au akinyamaza, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ofisi ya mkoa wenu ipo Iringa mjini. Unajaza fomu namba moja, hulipi ada, na nakala inampata mwajiri. Kwa mtu aliyeachishwa kazi muda ni siku 30. Na hapa ndipo ninapoogopa ile "nitakuita". Mtu anasubiri simu, mwezi unapita, halafu akifika Tume anaambiwa umechelewa. Kuongezewa muda kunaombwa, ila lazima utoe sababu za msingi. Kwa hiyo nakuomba uhesabu tangu siku ile aliyokwambia ukapumzike, na kabla ya siku hizo kuisha uwe umefika Iringa. Hatua ya kwanza pale ni usuluhishi, mnakaa meza moja na msuluhishi. Kesi nyingi za namna yako huishia hapo hapo kwa makubaliano, na mtu anarudi kazini bila uadui.

Stendi ya karanga iache kwanza.

*

Shikamoo mama. Mimi ni baba wa watoto watano, mkulima wa ndizi na chai kidogo, Tukuyu. Binti yangu wa tatu ni kiziwi tangu homa kali ya utotoni. Amemaliza kidato cha nne, amepata daraja la nne. Anajua lugha ya alama, anasoma na kuandika vizuri. Ndugu wanasema nimtafutie mume mapema kwa sababu hakuna atakayemwajiri. Yeye mwenyewe ameniandikia kwenye karatasi kwamba anataka kujifunza mapishi. Nimsaidieje? Ndaga fijo.
Baba, Tukuyu

Marahaba baba, na ndaga kwako pia kwa kuisikiliza ile karatasi aliyokuandikia.

Binti yako amekwisha kujibu swali gumu, ametaja anachotaka. Hao ndugu wanaosema hakuna wa kumwajiri waambie wapande basi mpaka Iringa mjini, wakanywe chai kwenye kafe ya Neema Crafts. Ni kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, na watu wenye ulemavu ndio wanaofanya kazi pale: wanafuma, wanatengeneza karatasi, wanashona. Kafe yake inahudumiwa na viziwi. Unaandika unachotaka, au unaonyesha kwa kidole, chai inakuja ya moto kama kwingine kokote. Nendeni pamoja, wewe na binti. Baba akiona kwa macho yake huwa hahitaji tena maneno ya mshauri.

Kwa mafunzo una njia mbili za Serikali. Ya karibu ni VETA, vyuo vya ufundi stadi vya Serikali, ipo Mbeya na ipo Iringa, na mapishi ni moja ya fani zinazofundishwa na VETA nchini. Kabla ya kulipa chochote uliza kama fani hiyo ipo kwenye chuo hicho, na uulize jambo la pili wazi wazi: nani atamtafsiria darasani? Ukijibiwa "atazoea", usikubali haraka. Mwenye kisu cha jikoni na jiko la gesi lazima aelewe maelekezo kabla hajawasha. Ongea na mkuu wa chuo, pendekeza mwalimu aandike hatua ubaoni, na binti akae mbele anapoona midomo na mikono ya mwalimu. Chama cha Viziwi, CHAVITA, wanaweza kukuelekeza kwa wakalimani.

Njia ya pili ni vyuo vya ufundi stadi na marekebisho vya watu wenye ulemavu, kama Yombo kule Dar es Salaam, Sabasaba Singida na Luanzari Tabora. Hivi ni vya Serikali na vimeanzishwa kwa ajili ya watu kama binti yako. Ni mbali na Tukuyu, najua, na mama yake atalia siku ya kumpakia basi. Fomu ziulizie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu ya Rungwe, usimtafute dalali. Mtu yeyote atakayekuomba pesa ili "akupe nafasi" mwache aende zake.

Jambo moja tena kwa baadaye. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa yanawahamasisha waombaji wenye ulemavu kuomba, na yanawataka wautaje ulemavu wao kwenye mfumo wa maombi. Familia nyingi huficha, zikidhani mtoto atakatwa jina. Atakapofika umri na cheti cha kuomba, aandike kwamba ni kiziwi na anatumia lugha ya alama, ili ofisi iwe na taarifa mapema. Akiitwa kwenye usaili bila wao kujua, ataingia chumbani na kukuta watu watatu wanazungumza, naye hana pa kuanzia.

Na hilo la mume, baba, lisubiri aseme mwenyewe.

*

Mama, mimi ni fundi cherehani, miaka 26, nilikuwa nashona kwenye fremu ya dada mmoja Mwanjelwa. Nina kifafa tangu nikiwa darasa la tano. Natumia dawa na nilikaa zaidi ya mwaka bila kuanguka. Mwezi wa tatu nilianguka dukani mbele ya wateja. Dada akanilipa siku zangu akasema nisirudi, wateja wanaogopa. Nimesikia halmashauri ina mikopo ya walemavu isiyo na riba, nikaenda kuuliza, mtu wa pale akaniambia kifafa siyo ulemavu, ni ugonjwa. Kikundi cha akina mama cha mtaani nacho kinasita kunipokea. Nifanyeje nipate cherehani yangu?
Fundi, Mbeya

Mwanangu, hilo la wateja kuogopa limeniuma. Mtu akianguka kifafa mbele za watu, wanaruka pembeni wakidhani povu linaambukiza. Haliambukizi. Anayemwona aondoe vitu vyenye ncha karibu yake, amlaze ubavu, asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, amsubiri. Wasomaji wangu wa Mwanjelwa na wauza vitambaa wote mlisome hilo mara mbili.

Kuhusu mkopo. Halmashauri zote zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili limo kwenye sheria tangu 2018. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024, ndiyo maana bado unakutana na watu wanaokwambia imefutwa. Haijafutwa. Wa kuanza naye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Sasa, je, wewe unaingia kwenye ile asilimia 2? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 haina orodha ya magonjwa yanayoingia na yasiyoingia. Inaangalia kama mtu ana upungufu wa mwili, akili au hisia unaomzuia kufanya shughuli zake sawasawa kwa sababu ya vikwazo anavyokutana navyo, na mitazamo ya watu imo kwenye vikwazo hivyo. Wewe umeondolewa kazini siku ileile ulipoanguka. Kikwazo gani kingine tunatafuta? Kwa hiyo jibu la "ni ugonjwa" alilokupa mtu wa dirishani silikubali kuwa neno la mwisho. Nenda kliniki unakochukulia dawa, omba barua ya daktari inayosema una kifafa tangu lini, unatumia dawa gani, unaanguka mara ngapi, na kazi gani unaiweza na gani uikwepe. Barua hiyo ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa jiji, huyo ndiye azungumze na wa maendeleo ya jamii. Vikundi vya watu wenye ulemavu kanuni zimevilegezea, idadi ya wanachama inayotakiwa ni ndogo kuliko ya akina mama au vijana. Ukimpata mwenzako mmoja au wawili wenye nia, hata kama ulemavu wao ni tofauti na wako, mna pa kuanzia.

Ila usisahau kwamba wewe ni mwanamke pia. Asilimia 4 ya wanawake ni yako sawa na ya jirani yako, hakuna kifungu kinachosema mwenye kifafa asiingie kikundi cha akina mama. Nenda na barua yako kwenye mkutano wao wa wiki, wasomee, waulize wanaogopa nini hasa. Mara nyingi wanaogopa kwamba ukiugua hutarejesha, na wao watabanwa. Hofu hiyo ina jibu. Waonyeshe daftari la oda zako. Fundi mwenye sare za shule za kushona mwezi wa kumi na mbili ana marejesho.

Unapopanga kibanda chako, kipange kwa hali yako. Cherehani isikae karibu na pasi ya mkaa. Kifafa na pasi ya mkaa ni jambo la hatari, nimewahi kumwona mama aliyeungua uso mzima kwa namna hiyo. Tafuta kijana wa kupiga pasi, au mpatane na jirani akupigie kwa bei ya jumla, wewe ushone na kudarizi. Mikasi itundikwe ukutani unapomaliza kukata. Kiti kiwe na egemeo na mikono ya pembeni, siyo stuli. Na dawa, mwanangu, usiziruke hata siku moja kwa sababu umejisikia vizuri. Kama zile za mwezi wa tatu ziliisha kliniki ukakaa bila, mwambie daktari hivyo hivyo ilivyokuwa, ili akupangie tarehe kabla kopo halijaisha.

Yule dada wa fremu sheria inamgusa naye, hata kama ana mafundi wawili tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa ulemavu wake. Ukitaka kumpeleka CMA una haki. Lakini uliyemuuliza ni mimi, nami ningekwenda kwanza kumwona, nikiwa na barua ya daktari na ule mpango wa pasi. Huenda hajui kwamba kuna namna.

*

Ndugu mshauri, nina kiwanda kidogo cha kufungasha parachichi Njombe, wafanyakazi 24. Nimeambiwa sheria inanitaka niajiri asilimia 3 ya wenye ulemavu. Nimepiga hesabu, asilimia 3 ya 24 ni chini ya mtu mmoja. Maana yake nimesamehewa?
Mwajiri, Njombe

Hapana kaka, hujasamehewa. Hesabu yako ni sahihi, inatoka 0.72. Lakini sheria imeanza kuhesabu kwa mwajiri mwenye watu 20, na asilimia 3 ya 20 ni 0.6. Kama sehemu ya mtu ingekuwa sawa na hakuna mtu, basi isingemgusa yeyote mpaka afikishe wafanyakazi 34, na kiwango cha 20 kisingekuwa na kazi. Mimi nasoma hivi: wewe unatakiwa kuwa na mtu mmoja. Na kwa kiwanda kama chako ukiwa na wawili hutajuta.

Parachichi zinachambuliwa kwa ukubwa na kwa ganda, zinapangwa kwenye boksi, boksi linabandikwa lebo. Kazi hiyo mtu anaifanya akiwa amekaa. Kiziwi anaifanya vizuri kabisa katikati ya kelele za mashine. Asiyekuwa na mguu anaifanya. Mwenye ualbino anaifanya akiwa kivulini, mradi usimtume kuvuna juani. Ujira uwe uleule wa wenzake kwa kazi ileile.

Kwenye tangazo lako usiandike "awe na viungo kamili na afya njema", andika kazi yenyewe: kuchambua, kupanga, kubandika lebo, saa za kuingia na kutoka. Nakala moja ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, nyingine kwa viongozi wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, mkoani, wao wanawajua watu wao. Kabla mtu hajaanza, mwite mara moja aje aone eneo, atembee kutoka getini mpaka chooni na mpaka kwenye meza ya kuchambulia, halafu mpime meza akiwa amekaa. Seremala wa hapo Njombe anaweza kukata miguu ya meza hiyo kwa nusu siku.